Tuni Moja, Majeshi Mawili

Nakupa nyimbo nne, na usiguse simu. Ya kwanza ni wimbo wa taifa wa Uingereza. Ya pili ni wimbo wa taifa wa Liechtenstein, kanchi kadogo kalikobanwa kati ya Uswisi na Austria. Ya tatu ni ule wimbo wa Wamarekani wa kuisifu nchi yao, ambao maneno yake yaliandikwa na Samuel Francis Smith mwaka 1831. Ya nne ni wimbo ambao Wajerumani walimwimbia Kaisari wao mpaka ufalme ulipoanguka 1918. Zinaunganishwa na nini?

Kama uliwahi kuimba kwaya, huenda umeshaanza kuguna kitu puani. Jibu ni kwamba zote nne ni tuni moja. Maneno tofauti, bendera tofauti, sauti ileile. Warusi nao waliitumia kuanzia 1816 hadi 1833, na Waswisi hawakuiachilia mpaka 1961.

Mchezo wenyewe ndio huo. Kama umecheza ule wa New York Times uliotoka 2023, wa maneno 16 unayoyapanga katika mafungu manne, unajua raha yake: vitu vinavyoonekana havijuani, halafu ghafla unaona uzi. Tofauti ni kwamba sisi hatuweki maneno, tunaweka muziki, na mara nyingi ule unaoitwa wa kikale, wa kina Bach, Haydn na Beethoven. Tunaucheza hapa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, vijana wa kwaya tukishamaliza mazoezi na mvua ikikataa kuisha.

Najua unachofikiria. Beethoven, Ikonge? Kwani mna piano? Hatuna. Mimi mwenyewe sina hata cheti. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda nyumbani, na sasa naishi kwa kuandikia watu vitu kwa malipo ya kipande kwa kipande. Lakini nataka kubishana na yeyote anayedhani mchezo huu ni anasa ya wenye piano na digrii. Ukiucheza vizuri ni njia ya kusoma historia, na historia nyingine inayofichuka ni ya hapa kwetu.

*

Chukua hizo nyimbo nne, kisha uzilete Gusii.

Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na wiki chache tu, jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka upande ambao baadaye tungeuita Tanganyika, likaingia mji wa Kisii. Tarehe 12 kikosi cha King's African Rifles kikawafikia, wakapigana, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Wengi wa waliobeba bunduki pande zote mbili walikuwa Waafrika, na Kiswahili kilisikika katika kambi zote mbili.

Kumbuka Kisii kama kituo cha serikali kilikuwa kichanga, kilifunguliwa 1907. Mwaka uliofuata Otenyo alikuwa amemchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, na Waingereza wakalipiza kwa kuchoma nyumba na kunyakua ng'ombe. Kwa hiyo 1914, Mzungu mmoja alipomfurusha mwenzake, wazee wetu hawakulia. Kuna walioingia wakapora kituo na misheni. Wakalipishwa tena, na tena kwa ng'ombe.

Sasa weka bunduki kando uangalie nyimbo. Himaya mbili zimekuja kuuana kwenye vilima vya watu wengine. Mfalme wa Uingereza, George wa Tano, na Kaisari Wilhelm wa Pili ni wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Na wimbo ambao upande mmoja unamwombea mfalme wake ndio tuni ambayo upande wa pili unamsifia Kaisari wake. Mtu ambaye haelewi Kiingereza wala Kijerumani, akisimama katikati akisikia bendi za majeshi yote mawili, angeapa kwamba hawa ni jeshi moja.

Kwetu jambo kama hili halishangazi sana. Kwa Ekegusii, "tata" ndiye baba, na "baba" ndiye mama. Mtu wa Mombasa akimsikia mtoto wa Ikonge akilia "baba, baba", atakimbia kumwita mwanamume wa nyumba, na mtoto ataendelea kulia vilevile. Sauti moja, wazazi wawili. Kosa halimo kwenye sauti. Inategemea nani amefundishwa kuisikia vipi.

*

Fumbo hili lina mlango wa nyuma, na hapo ndipo nilipoanza kulipenda.

Wimbo huo wa Waingereza ulichapwa 1744, na mwaka uliofuata ukaanza kuimbwa kwenye kumbi za maonyesho London. Miaka ya 1790 Joseph Haydn, mtunzi kutoka Austria, alifika London mara mbili. Akaona watu wanavyosimama na kuimba kwa moyo mmoja, akatamani na kwao kuwe na kitu kama hicho. Mwaka 1797 alimtungia Kaisari Francis wa Austria wimbo wake. Kisha akaipenda tuni yake mwenyewe hivi kwamba akaiweka ndani ya muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, ule ambao hadi leo unaitwa kwa jina la Kaisari. Waingereza wakaichukua tuni hiyo wakaitia kwenye vitabu vyao vya nyimbo za kanisani. Na mwaka 1922 Wajerumani, ambao hawakuwa na Kaisari tena, wakaifanya kuwa tuni ya wimbo wao wa taifa. Ndiyo unayoisikia Ujerumani ikicheza mpira.

Kwa hiyo Wajerumani waliokuja Kisii walikuwa na tuni ya adui yao, na walipoiacha wakachukua nyingine iliyozaliwa kwa sababu Haydn aliisikia ileile ya kwanza akiwa London. Hawakuwahi kutoka nje ya nyumba. Walihama chumba tu.

Hapa mchezo unakufundisha kwamba viungo ni vya aina mbili. Kuna kiungo cha sikio: tuni mbili ni kitu kimoja, na yeyote mwenye masikio anaweza kukinasa. Kuna kiungo cha habari: tuni ya Haydn haifanani na ya Waingereza hata kidogo, lakini moja ilimzaa mwenzake. Cha kwanza unakisikiliza. Cha pili lazima usome.

*

Cha kwanza nacho kina siri yake, na siri hiyo tunayo sote tuliolelewa kwaya za kanisa: solfa. D, r, m, f, s, l, t.

Solfa ilianzishwa Uingereza na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaiboresha ili watu wa kawaida, wasio na ala wala pesa za masomo, waweze kuimba kutoka kwenye karatasi. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Kwetu Nyanza Waadventista walifungua misheni Gendia 1906 na Nyanchwa, Kisii, 1912, na mpaka leo kuna walimu wa kwaya vijijini wanaoandika solfa ubaoni haraka kuliko wanavyoandika barua.

Watu waliosomea muziki huidharau. Wanasema ni ya kijijini, msomi anatumia mistari mitano yenye vidoti. Lakini kwa mchezo huu solfa inaishinda hiyo mistari, na sababu ni mbili. Kwanza, "do" inahama. Wimbo ukianzia juu au chini, herufi ni zilezile. Pili, tuni inageuka kuwa neno, na neno unaweza kulilinganisha na neno lingine kwa macho tu. Andika d r m r f m r t d, umeandika mwanzo wa Haydn. Andika d d r t d r, hao ni Waingereza, au Wajerumani wa 1914, utaamua mwenyewe.

Wazungu wenyewe walikuja kugundua nguvu ya herufi baadaye. Mwaka 1948 Harold Barlow na Sam Morgenstern, Wamarekani wawili, walitoa kamusi ya tuni kama 10,000 za muziki wa vyombo. Nyuma ya kitabu waliweka faharasa ambapo tuni zote zimehamishwa hadi ufunguo mmoja na kuandikwa kwa herufi. Una tuni kichwani na hujui ya nani? Iandike, itafute kama unavyotafuta neno. Ukiniuliza, hiyo ni solfa iliyovaa suti.

Mwaka 1975 Denys Parsons, Mwingereza, akarahisisha zaidi. Yeye alisema usijali noti ni gani, jali tu inapanda, inashuka au inarudia. Sisi tunatumia J kwa juu, C kwa chini, S kwa sawa. Wimbo wa ABC wa nasari unakuwa: S J S J S C. Jaribu kichwani, polepole. Umeona? Sasa ujue kwamba hiyo ABC ni tuni ya Kifaransa iliyochapwa 1761, kwamba Mozart aliigeuzageuza mara 12 kwenye piano, na kwamba Saint-Saëns aliificha ndani ya muziki wake wa wanyama mwaka 1886, kwenye kipande kinachochekesha kuhusu mifupa ya kale. Kila mtoto wa nasari Nyamira anaimba Mozart na hakuna aliyemwambia.

Kuficha vitu kwenye muziki ni mchezo wa zamani. Mwaka 1747 Bach alimpelekea Mfalme Frederick wa Prussia muziki ambao vipande vyake vingine havikuandikwa vikakamilika. Mpigaji alitakiwa atafute mwenyewe sauti ya pili inaingia wapi. Mwaka 1899 Mwingereza Edward Elgar alitoa muziki wa okestra wa sehemu 14, kila moja ikimchora mtu wa karibu naye, akasema kuna tuni nyingine kubwa inayopita juu ya zote lakini haipigwi. Akafa 1934 bila kuitaja. Watu bado wanagombana. Lakini moja ya sehemu hizo, ya 9, ukiwa mtu wa shule ya Sabato ungeing'oa kwa dakika moja. Inaitwa Nimrod, na inamhusu rafiki yake Jaeger. Jaeger kwa Kijerumani ni mwindaji. Fungua Mwanzo sura ya 10 uone Nimrodi alikuwa nani.

Baadaye BBC wakaufanya kipindi cha televisheni. Face the Music ilianza 1967, na mwendeshaji wake, mpiga piano Joseph Cooper, alikuwa na kinanda bubu: vidole vinacheza, sauti haitoki, nawe utaje wimbo. Alikuwa pia anachukua tuni ambayo kila mtu anaijua na kuificha ndani ya mtindo wa mtunzi mkubwa, halafu anawauliza washindani ni nini kimelala humo. Ungedhani ni mchezo wa watu wenye masofa mazuri. Lakini solfa ni herufi saba na chaki.

*

Kwa nini basi naandika kana kwamba kuna jambo linawaka? Kwa sababu lipo.

Kuna kanisa moja, sitalitaja, ambako vijana walileta wimbo wa ibada wenye tuni iliyotoka kwa bibi mmoja wa kijiji. Ni tuni ya kubembelezea mtoto, ya Kigusii tupu, na maneno mapya walikuwa wameyatoa kwenye Zaburi. Wazee wakaukataa kabla haujafika ubeti wa pili. Tuni ya duniani, wakasema. Kanisani tunaimba tuni takatifu, zilizo kitabuni.

Kwa heshima zote, wazee wangu, tucheze kidogo. Nawapa vitu vitatu. Wimbo wa mapenzi wa Mjerumani Hans Leo Hassler, uliochapwa 1601, wa kijana aliyevurugwa akili na msichana. Muziki wa Mateso ya Mathayo wa Bach, 1727. Na wimbo wa Ijumaa Kuu kuhusu kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba, uliomo katika vitabu vingi vya nyimbo vya Kiingereza. Zinaunganishwa na nini?

Tuni moja. Ilianza kwa msichana, ikaishia msalabani. Mwaka wa 1613 ilikuwa tayari imeshapewa maneno ya dini, na Bach aliipenda hadi akaitumia mara kadhaa katika kazi ileile moja. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Simon akaichukua tena akairudisha duniani, kwa wimbo kuhusu uchovu wa nchi yake. Hakuna tuni inayozaliwa na cheti cha ubatizo. Inabatizwa na wanaoiimba, na inaweza kurudi sokoni kesho yake.

Niliyaandika haya kwa solfa kwenye karatasi nikampa mzee mmoja wa kanisa, omogaka ninayemheshimu sana, ambaye alinifundisha sauti ya besi nikiwa bado nacheza mpira wa makaratasi. Aliziimba herufi kimoyomoyo mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini hiyo imekaa miaka mingi, mwanangu." Na hapo akawa amesema ukweli wote bila kukusudia. Kinachoitenganisha tuni takatifu na tuni ya bibi yetu si utakatifu. Ni kwamba moja iliandikwa mahali ikapewa muda.

*

Utaniambia hayo ni ya kanisa, yaishie kanisani. Hapana, tuni zimebeba hata nchi.

Mwaka 1824 Beethoven alimaliza Simfoni ya 9 kwa kwaya inayoimba kwamba wanadamu wote ni ndugu. Mwaka 1972 Baraza la Ulaya likaichagua tuni hiyo iwe wimbo wa bara lao. Mwaka 1974 serikali ya Ian Smith kule Rhodesia, serikali ya walowezi wachache iliyowanyima Waafrika walio wengi nchi yao, nayo ikaichagua iwe wimbo wa taifa. Undugu wa wanadamu wote, m m f s s f m r, ukipigwa mahali ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa ndugu wa mtu.

Rhodesia ikafa. Zimbabwe ikazaliwa 1980, na kwa miaka 14 iliimba tuni nyingine: ile ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyoitunga 1897. Tanzania inaimba tuni hiyo tangu uhuru wa 1961. Zambia inayo tangu 1964, kwa maneno tofauti kabisa. Afrika Kusini inayo, ikiwa imeshonwa pamoja na wimbo wa zamani wa Makaburu ndani ya wimbo mmoja wa taifa tangu 1997, fumbo linalotembea mchana kweupe.

Sontonga alikuwa akitunga nyimbo za wanafunzi wake na kuziweka kwenye daftari la mazoezi. Kwa nini? Kwa solfa. Herufi zilezile zinazodharauliwa. Akafa 1905, kijana tu, bila kujua kwamba ameandika nyimbo za mataifa ambayo hayajakuwepo.

Na sisi Wakenya? Tuko ndani ya mchezo zaidi ya wote. Mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, kazi ya wimbo wa taifa walipewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakwenda kwa Haydn. Walichukua tuni ya Wapokomo wa Mto Tana. Tuni gani? Ya mama anayembembeleza mtoto.

Rudia hiyo polepole. Kila tunapousimamia wimbo wa taifa, mkono kifuani, polisi wameganda, wanasiasa wamekunja sura, chini yake kuna bembelezi la kijijini. Liliingia ikulu. Lile la Gusii likakatazwa kuingia kanisani.

*

Ile kamusi ya Barlow na Morgenstern ina tuni kama 10,000 na hakuna hata moja iliyopigwa kwa obokano. Siwalaumu, waliandika ya kwao. Lakini fikiria maana yake kwa mchezo wetu. Obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane lenye mngurumo kama radi inayojisafisha koo, limebeba tuni za harusi, za jando, za kusifu na za kukejeli. Wazee wanaozijua wanapungua. Kati ya tuni hizo huenda ipo iliyopita hadi kwa Wakipsigis jirani zetu, au iliyotoka kwao, au inayoimbwa na Waluo kwa maneno ya msiba huku sisi tukiichezea ngoma. Viungo vipo. Lakini huwezi kupata kiungo kati ya kitu kilichoandikwa na kitu kilichosahaulika. Fumbo hilo halina jibu, kwa sababu nusu yake imezikwa.

Wale wapokomo walikuwa na bahati: kamati ilipotafuta, kulikuwa bado na mtu wa kuimba.

Kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa 200. Nikipita nyumba za watu, nikikuta omong'ina anayekumbuka kitu, namwomba aimbe, naandika. D, r, m. Pale solfa inaposhindwa, maana kuna sauti za kwetu zinazokaa katikati ya herufi mbili, naandika J, C, S tu, na mshale mdogo. Bembelezi lililokataliwa liko ukurasa wa kwanza. Mpaka sasa nina tuni 31.

Ya 12 na ya 27 zilitoka kwa wanawake wawili ambao hawajuani, moja ya kumlaza mtoto, nyingine ya kupalilia wimbi. Jana usiku niliziweka pamoja.

S J J C S C. Zote mbili.